Maji yanayodondoka chini ya hita

Nimeikuta imezibwa kwa plagi ya chuma iliyokazwa kwa spana. Nimeikuta imezibwa kwa kijiti kilichochongwa, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa na waya, na kwa gundi ile ya kushikia mabomba ya plastiki. Nasema juu ya mdomo wa valvu ndogo ya shaba inayofungwa kwenye hita ya maji, pale bomba la maji baridi linapoingia tangini. Mafundi wa Nairobi tunaiita sefti valvu. Ndani yake kuna springi inayokandamiza kizibo. Presha ya tangi ikizidi kiasi kilichopigwa chapa ubavuni mwake, springi inashindwa, kizibo kinainuka, na maji yanamwagika nje mpaka presha ishuke.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kazi imenizungusha Eastlands, South B, Kilimani, Utawala na Karen, kwenye nyumba za kupanga na za wenyewe, na sijaona kifaa kingine cha maji ambacho watu hukiharibu kwa nia njema kama hiki. Naanza na namna kinavyozibwa, maana hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kisa hufanana kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Hita imetundikwa juu ya bafu au kwenye balkoni ya kufulia. Fundi aliyeifunga aliacha kibomba cha valvu kikining'inia nje ya ukuta, hakukishusha hadi kwenye mtaro. Jioni watu wakiwasha hita, matone yanaanza, na yanaangukia nguo za jirani wa chini. Jirani anamwita keateka, mtunza jengo. Keateka ana plagi ya nusu inchi kwenye sanduku lake, anapanda nayo, anaifunga, na malalamiko yanakwisha siku hiyo hiyo. Kila mtu anaridhika. Mpangaji anayehamia mwaka unaofuata hajui chochote, anaona kitu cha shaba kilichofungwa vizuri, na anadhani ndivyo kilivyotengenezwa.

Mama mmoja wa South C aliniita kwa sababu hita yake ilikuwa ikivuja kwenye kiungo cha tumbo la tangi. Ilikuwa hita ya bei ya juu, na bado mpya kwa kadiri ya hita. Nilipofungua kifuniko nikakuta plagi.

“Mama, hii nani aliifunga?”

“Ni fundi wa hapo awali. Ilikuwa inamwaga maji usiku kucha. Akaikomesha.”

“Ilikuwa inamwaga saa ngapi? Wakati hita imewaka, au hata ikiwa imezimwa?”

Akafikiri. “Ikiwashwa. Asubuhi ilikuwa inaacha.”

Jibu hilo lilinitosha. Valvu ilikuwa nzima. Ilikuwa ikifanya kile ilichotengenezewa, na tangi ndilo lililolipa baada ya kuzibwa.

Maji yakipata moto huongezeka. Ukijaza tangi la lita 100 kwa maji ya nyuzi 20, ukayapasha hadi nyuzi 60, yanakuwa karibu lita 101 na nusu. Lita moja na nusu hiyo ni lazima iende mahali. Katika nyumba ya zamani inarudi nyuma ndani ya bomba la maji baridi, inapanda hadi kwenye tangi la juu ya paa, na hakuna anayejua kwamba imepita. Lakini sefti valvu nyingi zinazouzwa siku hizi zina nonritani ndani yake, yaani kizuizi kinachoruhusu maji kuingia tangini na kuyakataza kurudi. Kuna sababu nzuri ya kuiweka: inazuia maji moto kurudi kwenye bomba la baridi, na mgao wa maji ukikausha bomba, hita haiachwi tupu huku umeme ukiendelea kuwaka. Basi ile lita moja na nusu ikikataliwa kurudi, imebakiwa na mlango mmoja tu, ule mdomo mdogo wa valvu. Maji hayakubali kubanwa. Ukiuziba mlango huo, presha inapanda kwa haraka ya kushangaza, na chuma cha tangi ndicho kinachovutika.

Kinavutika jioni, kinarudi usiku maji yakitumika, kinavutika tena kesho. Ndani ya hita nyingi kuna utando mgumu kama wa vikombe vya enameli, unaokinga chuma dhidi ya kutu. Utando huo hauvutiki pamoja na chuma, kwa hiyo unapata nyufa. Kutu inaingia kwenye nyufa, na baada ya muda tangi linaanza kuvuja kwenye kiungo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa South C. Plagi ya bei ya soda ilimlazimisha kununua hita nyingine. Nilimfungia mpya, na kabla ya kuondoka nikashusha kibomba cha valvu hadi kwenye mtaro wa bafu, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ili nguo za jirani zisiloe tena. Kazi hiyo ya bomba la mita mbili ndiyo iliyohitajika tangu siku ya kwanza.

Mara nyingi hasara huishia hapo, kwenye tangi lililokufa mapema, kwa sababu themostati bado inafanya kazi yake: maji yakifika nyuzi zilizowekwa inakata umeme. Nyuma yake kuna kikatio cha pili, kinachozima kila kitu joto likipita mpaka. Valvu ni ya tatu, na ya mwisho. Nakuomba uelewe vizuri mpangilio huu, kwa kuwa watu huniambia, “Fundi, nimeiziba miaka na hakuna lililotokea.” Hakuna lililotokea kwa sababu ulinzi wa kwanza haujashindwa. Themostati ni swichi kama swichi nyingine, na swichi hushikana. Nimeshawahi kukuta themostati ambayo vipande vyake viwili vimeungua vikashikana, umeme unapita saa zote. Nimekuta pia kikatio cha pili kimerukwa na waya, kwa sababu kilikuwa kinazima hita mara kwa mara na mwenye nyumba alichoka kuita fundi. Ukikutanisha mambo hayo mawili na valvu iliyozibwa, katika nyumba hiyo hakuna tena kitu kinachoweza kuyasimamisha maji.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kwenye sufuria ya jikoni kwako maji yanachemka yakifika karibu nyuzi 94. Ndani ya tangi lililofungwa mambo ni tofauti. Presha inayakandamiza maji yasichemke. Presha ikiwa bari 7 (bari ni kipimo cha presha), maji yanaweza kufika karibu nyuzi 170 yakiwa bado maji. Tangi likipasuka wakati huo, presha inatoweka kwa mpigo mmoja, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Nguvu hiyo ndiyo inayorusha tangi juu na kuvunja kuta.

Mwaka 1982, mwezi wa Januari, katika mji wa Spencer jimbo la Oklahoma huko Marekani, hita ya maji ya shule ya msingi ya Star ililipuka wakati watoto wako kwenye chakula cha mchana. Watoto sita na mwalimu mmoja walikufa. Moto wa gesi haukuzimwa na vidhibiti vyake, na valvu ya usalama haikuwa katika hali ya kuokoa. Hita ile ilikuwa kubwa kuliko za nyumbani kwetu, lakini maji ni yale yale. Kila nikimkuta mtu anataka niikaze plagi badala ya kuitoa, humweleza kisa hiki polepole, pamoja na idadi ya watoto. Wengi hunyamaza, kisha husema, “Itoe.”

Jambo la presha nililielewa kwanza kwa mzee aliyenifundisha kazi, kwenye nyumba za zamani za mtindo wa Waingereza. Nyumba hizo zilikuwa na silinda ya shaba nyekundu kabatini, na hakukuwa na sefti valvu hata moja. Kutoka juu ya silinda lilipanda bomba wazi, likapenya dari, likajikunja juu ya tangi la maji baridi kama shingo ya korongo na kuuacha mdomo wake wazi. Mzee alikuwa akinipeleka darini kabla sijagusa spana. “Tazama kwanza kama bomba la kupumulia liko wazi,” alikuwa akisema, “kisha ndipo ushuke ufanye lililokuleta.” Maji yakiongezeka yanapanda humo. Yakichemka, mvuke unatoka humo na maji yanamwagikia tangi la baridi. Hakuna springi ya kushika kutu, hakuna kizibo cha kukwama. Mpaka leo naamini kwamba kwa nyumba inayotegemea tangi la juu ya paa bila pampu, bomba wazi ni salama kuliko valvu yoyote, na mwenye nyumba mpya akiniuliza humshauri hivyo.

Ushauri huo unageuka kuwa sharti unapokuja kwenye kuni busta. Nyumba nyingi za pembeni mwa jiji, na nyingi zaidi za mashambani, zina jiko la chuma nje ya ukuta lenye maji yanayozunguka moto wa kuni. Ni kifaa kizuri sana, kinaokoa bili ya umeme na kinaogesha familia nzima. Lakini kuni hazina themostati. Ukishatia gogo, moto utawaka mpaka gogo liishe, maji yawe yamepata joto la kutosha au yamepita. Kwa hiyo kuni busta haifai kuunganishwa na pampu ya presha, na bomba lake la kupumulia halifai kuwekewa koki, hata ile ya “nitaifunga nikisafiri tu”. Na wakati wa mgao, tangi la juu likikauka, busta inaweza kuchemka mpaka ikabaki tupu huku chuma kimewiva. Hapo usikimbilie kuifungulia maji baridi. Toa kuni, acha ipoe yenyewe, ndipo uijaze.

Mvumbuzi anayetajwa sana wa valvu ya namna hii ni Mfaransa, Denis Papin. Mwaka 1679 aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society mjini London chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukazwa, kilicholainisha mifupa kwa mvuke. Presha kuka ya jikoni ni mjukuu wa chungu hicho. Ili kisipasuke, akakiwekea tundu lililofunikwa kwa kizibo, na juu ya kizibo mkono wa chuma wenye uzito. Mvuke ukizidi uzito, kizibo kinainuka. Leo tumeweka springi mahali pa uzito. Zaidi ya hapo kazi ni ile ile, na kila anayepika maharagwe kwa presha kuka anajua kwamba kile kitundu cha juu hakizibwi. Huwa nawakumbusha akina mama jambo hilo wakiniuliza, na naona wanaelewa mara moja.

Sasa nije kwenye tone lenyewe, maana ndilo linaloitiwa fundi. Nikifika huwa siangalii valvu kwanza. Nauliza linadondoka lini. Kama ni wakati hita imewaka tu, na linakoma maji yakishapoa au yakishatumiwa, basi ni ile lita moja na nusu inayotoka. Hita ya lita 50 yenye kipashio cha kilowati 1.5 huchukua karibu saa moja na nusu kupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60, na katika muda huo inaweza kutoa nusu lita au zaidi, tone kwa tone. Hapo hakuna cha kutengeneza. Panahitajika bomba la kuyapeleka maji mahali pazuri, basi.

Kama linadondoka saa zote, hata hita ikiwa baridi, mambo ni mawili. Ama presha inayoingia ni kubwa kuliko valvu inavyoruhusu, ama kuna uchafu umekaa chini ya kizibo. Geji, yaani saa ya kupimia presha, ndiyo inayoamua, na fundi asiye na geji anabahatisha. Kumbuka kwamba kila mita 10 za urefu wa maji ni takriban bari 1. Tangi lililo mita 5 juu ya hita yako linakupa nusu bari. Hata ukiishi chini kabisa ya jengo la ghorofa sita, tangi la juu ya paa litakupa bari 2 hivi. Valvu ya bari 7 haiwezi kufunguliwa na presha hiyo. Kwa hiyo katika ghorofa isiyo na pampu, tone la saa zote karibu kila mara ni uchafu.

Na uchafu upo mwingi. Maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, na yanaposafiri kwenye mabomba yanayokauka na kujaa kila wiki kwa sababu ya mgao, hubeba mchanga na kutu. Siku maji yanaporudi, fungulia kwanza mfereji wa nje mpaka yatakate, ndipo uyaruhusu kuingia kwenye tangi. Punje moja ya mchanga chini ya kizibo inatosha kuleta tone la mwezi mzima. Dawa yake ni rahisi: inua kile kijiko cha valvu, yaani mkono mdogo wa kuifungulia, acha maji yatoke kwa nguvu kidogo, kiachilie. Mara nyingi punje inasombwa na tone linakoma papo hapo.

Utawala nilikutana na adui mwingine, chumvi. Nyumba ilikuwa inatumia maji ya kisima. Nilipoifungua valvu, kizibo kilikuwa kimeshikana na kikalio chake kwa ganda jeupe gumu. Valvu ile haikuwa inadondosha hata tone, na mwenye nyumba alikuwa akiisifu kwa hilo. Nilijaribu kuinua kijiko kikakataa kabisa. Hii ndiyo hali inayonitisha kuliko ile ya plagi, maana plagi unaiona kwa macho. Valvu iliyoganda kwa chumvi inaonekana nzima, kavu, safi, na siku ya haja haitafunguka. Tangu hapo, kwa kila nyumba ya maji ya chumvi nawaambia wainue kijiko kila baada ya miezi mitatu, na wasione uchungu kununua valvu mpya kikianza kuwa kizito. Kwa nyumba nyingine, mara mbili kwa mwaka inatosha. Weka karai chini, kaa pembeni ya mdomo, kwa kuwa maji yatakayotoka yanaweza kuunguza. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mtoto hata upesi zaidi. Kama valvu imekaa miaka bila kuguswa, nunua nyingine kabla ya kuijaribu, maana ya zamani inaweza kufunguka ikakataa kufunga tena.

Nyumba za pampu zina hadithi yao. Huko Karen kulikuwa na valvu iliyokuwa ikimwaga usiku tu, na mafundi walikuwa wamebadilisha valvu, kisha hita, kisha valvu tena. Nilifunga geji nikaiacha hapo. Mchana pampu ilikuwa inashika bari 3. Usiku, hita ikiwaka na hakuna anayetumia maji, sindano ilipanda polepole hadi bari 7, valvu ikafunguka. Nonritani ilikuwa mbili, moja kwenye pampu na nyingine kwenye valvu, na maji yanayoongezeka hayakuwa na pa kwenda kabisa. Nilimshauri mwenye nyumba aweke kitangi kidogo cha kupokea maji hayo, chenye mpira katikati na hewa upande mmoja. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali, kwa hiyo nyongeza ya maji inaisukuma hewa na presha haipandi sana. Tulikifunga kwenye bomba la baridi kati ya valvu na hita, tukakijaza hewa kulingana na presha ya pampu. Tone liliisha kwa njia halali. Mzee mwenye nyumba aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema, na sikuwa na jibu la kumpa, ila kwamba geji ni kifaa cha bei nafuu na kingefaa kuwa kwenye mkoba wa kila fundi.

Sola nazo. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe na hita za jua, na tangu miaka hiyo paa za mitaa mingi zimejaa matangi yanayong'aa. Jua halina swichi. Desemba familia inaenda mashambani, nyumba inabaki tupu wiki mbili au tatu, na hakuna anayetumia maji wakati jua la Nairobi liko kali. Tangi linachemka kila adhuhuri, na kama ni la presha, valvu yake inafunguka kila adhuhuri. Januari mwenye nyumba anarudi, anakuta alama ya maji imechora ukuta, ananiita niibadilishe valvu “mbovu”. Siibadilishi. Ninamwonyesha kwamba iliokoa tangi wakati yeye hayupo, kisha namshauri afunike mirija ya sola kwa turubai kabla ya safari nyingine.

Valvu za sola za presha huwa na fimbo ndefu inayozama ndani ya maji, sehemu ya juu ya tangi. Hizo husikia presha na joto pia; nyingi hufunguka maji yakikaribia nyuzi 99, hata presha ikiwa ndogo. Ile ndogo ya hita ya umeme, iliyo kwenye bomba la baridi, husikia presha peke yake. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua yenye fimbo, na usikubali fundi aikate fimbo hiyo ati haiingii vizuri. Ikikatwa, valvu haisikii tena joto la tangi.

Dukani soma maandishi. Utaona 0.7 MPa au 0.8 MPa. Kuna wauzaji wanaosema hiyo ni “presha ndogo, ya pointi saba”, wakakuuzia nyingine. MPa moja ni bari 10, kwa hiyo 0.7 ni bari 7, ambayo ni nguvu ya maji yaliyosimama wima mita 70. Zile za bari 10 hivi hubeba uzito wa maji ya kimo cha jengo la KICC. Usinunue valvu yenye namba kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kibandiko cha hita yako. Kufanya hivyo ni kuiziba kwa njia nyingine, kwa kuwa tangi linaweza kupasuka kabla springi haijakubali. Ubavuni pia kuna mshale wa kuonyesha maji yanakoelekea. Mshale uelekee kwenye hita. Na kati ya valvu na hita pasiwe na koki ya aina yoyote. Koki ikae kabla ya valvu, upande wa maji yanapotoka.

Kibomba cha kumwagia kiwe cha upana ule ule wa mdomo wa valvu, kiteremke moja kwa moja bila kupanda popote, na kiishie mahali unapopaona lakini watu hawapapiti. Usitumie plastiki laini. Maji ya kuchemka huilegeza ikajikunja na kujiziba. Mwisho wake usikatwe uzi wa skrubu. Hili nililijua baada ya kuondoa plagi nyumba moja na kusikia kwamba imerudishwa. Sasa nauacha mwisho mtupu, umekatwa mshazari, na hakuna plagi ya dukani itakayoushika.

Yote hayo ni ya tone. Ukiona mvuke, au maji yanayotoka kwa kishindo na moto usiovumilika, themostati imeshashindwa na valvu inafanya kazi ya mwisho. Toa watoto humo. Zima umeme wa hita kwenye bodi kuu, si kwa swichi ya bafuni iliyolowa. Usiguse valvu, usijaribu kuupunguza mdomo wake kwa kitambaa, usifungulie mfereji wa maji moto ukidhani unasaidia. Iache imwage na ipoe, hata ikichukua usiku wote. Kisha mpigie fundi, na umwambie waziwazi kwamba umeona mvuke, ili aje na themostati mpya na kikatio kipya mkobani, pamoja na valvu.